Maumivu ya goti: Dawa ya kupaka hufaa, lakini ipakwe ya kutosha

Mkazi wa ghorofani hahitaji daktari kumwambia kwamba goti lake limeanza kuchakaa. Atajua siku atakayoshuka ngazi asubuhi akiwa ameshikilia ukuta, hatua moja moja, ilhali mwaka juzi alikuwa akizishuka mbili mbili akikimbilia matatu. Wengine hugundua wanaposujudu msikitini au wanapopiga magoti kanisani, na wengine chooni, wanapochutama kisha wakashindwa kuinuka bila kushika kitu.

Wengi husema ni baridi iliyowaingia magotini, hasa mwezi wa Julai, Nairobi inapofunikwa na mawingu kutwa. Ni kweli baadhi ya wagonjwa huumwa zaidi siku za baridi, lakini baridi si chanzo cha ugonjwa huu, na kujifunga shuka magotini hakutauondoa. Iwapo umepita umri wa miaka 45, na goti linauma hasa unapolitumia na kutulia unapopumzika, na asubuhi hukakamaa kwa muda usiozidi nusu saa kisha likalegea, yamkini una ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, ambao sisi madaktari huuita osteoathritisi. Mara nyingi hata picha ya eksirei haihitajiki ili kuutambua. Daktari akikuambia hana haja ya kukupiga picha, usidhani amekupuuza. Wako watu ambao picha za magoti yao zinatisha lakini wanatembea vizuri, na wako wengine ambao picha zao ni nzuri ilhali hawalali kwa uchungu.

Leo nataka tuzungumzie tiba moja ya ugonjwa huu ambayo hudharauliwa sana hapa kwetu, nayo ni dawa za kupaka zinazopunguza uvimbe na maumivu. Kila juma huniijia kliniki mgonjwa wa magoti, na nikimtajia dawa hizi hunijibu, "Hizo nilishapaka, daktari. Hazifanyi kitu." Nikimwomba anionyeshe alivyokuwa akipaka, hunionyesha ncha ya kidole cha shahada. Alipaka jioni tu, siku tatu, siku ya nne akarudia tembe zake. Ukweli ni kwamba mgonjwa huyo hakuwahi kuijaribu dawa hiyo. Alionja tu.

GOTI LINAVYOUMA

Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe, kigumu kiasi na chenye kuteleza, kama kile unachokiona kwenye paja la kuku ukitenganisha kiungo chake. Gegedu hilo husaidiwa na ute unaolainisha kiungo kisikwaruze. Kadiri miaka inavyopita, na hasa ikiwa mtu ana uzito mwingi, au aliwahi kuumia goti akicheza kandanda, au kazi yake ni ya kuinama na kubeba mizigo, gegedu hulika. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume.

Zamani watu walilifananisha goti na tairi linaloisha tu. Mfano huo si sawasawa, kwani tairi halina damu wala neva. Siku hizi inajulikana kwamba utando wa ndani ya goti nao huwaka na kuvimba, mfupa ulio chini ya gegedu hubadilika, na misuli ya paja hudhoofika kwa sababu mgonjwa anaukwepa mguu huo. Gegedu lenyewe halina neva za uchungu. Uchungu unaousikia unatoka kwenye utando, mfupa na kano zinazozunguka kiungo, na hapo ndipo dawa ya kupunguza uvimbe inapopata kazi.

Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha namna aspirini inavyofanya kazi. Inauzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huongeza uvimbe na kuzifanya neva ziwe nyepesi kusikia uchungu. Vane alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1982. Diklofenaki, ibuprofeni na ketoprofeni ni ndugu za aspirini, na hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Kasoro ni kwamba prostaglandini hizo hizo zina kazi njema mahali pengine. Tumboni husaidia kuukinga ukuta wa tumbo usichomwe na asidi. Kwenye figo husaidia damu ipite vizuri, hasa kwa mtu mzee au mgonjwa. Tembe ya diklofenaki ukiimeza haijui kwamba ni goti la kulia linalokusumbua. Huingia katika damu na kuzunguka mwili mzima, ikizuia prostaglandini gotini, tumboni na kwenye figo kwa pamoja.

TEMBE ZINAZOZOELEKA

Jambo hili hunitia wasiwasi kuliko goti lenyewe. Goti lililochakaa halimwui mtu. Lakini kidonda cha tumbo kinachovuja damu kinaweza kuua, na figo zilizoharibika zinampeleka mtu kwenye mashine ya kusafisha damu.

Mtu mwenye goti bovu ana umri gani? Aghalabu miaka 50, 60 au 70. Mtu wa umri huo ana nini kingine? Mara nyingi ana shinikizo la damu, pengine na kisukari. Anameza dawa za shinikizo, na katika hizo mna zile za kukojosha maji. Sasa ongeza tembe za diklofenaki mara mbili au tatu kwa siku, mwezi baada ya mwezi, zilizonunuliwa dukani bila cheti cha daktari. Tembe hizo hupandisha shinikizo la damu, hupunguza nguvu za dawa za shinikizo, na zikichanganyika na baadhi ya dawa hizo huzielemea figo. Isitoshe, mwaka 2013 shirika linalosimamia dawa katika Umoja wa Ulaya lilionya kwamba diklofenaki ya kumeza au kudungwa isipewe watu wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi, kwa kuwa huongeza hatari ya mshtuko wa moyo.

Tatizo jingine ni majina. Tembe nyingi za maumivu zinazouzwa hapa nchini zina dawa mbili au tatu ndani ya kidonge kimoja, na diklofenaki ni mojawapo, ingawa jina kubwa juu ya pakiti ni jingine kabisa. Nimewahi kumwona mama aliyekuwa akimeza aina tatu za tembe "tofauti", moja ya goti, moja ya mgongo na moja ya kichwa, na zote tatu zilikuwa na diklofenaki. Soma maandishi madogo. Ikiwa tembe umepewa ndani ya bahasha ya kaki isiyo na jina lolote, rudi ukaulize ni dawa gani, na muuzaji akishindwa kukuambia, usiimeze.

KWA NINI KUPAKA

Goti ni kiungo kilicho karibu na ngozi. Jiguse sasa hivi uone jinsi mfupa ulivyo karibu na kidole chako. Dawa ikipakwa hapo hupenya ngozi na kufika kwenye kano na utando wa goti, na kiasi kinachoingia katika damu ni kidogo mno. Mgonjwa akipaka goti moja kipimo kamili cha jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, dawa inayofika katika damu ni kama asilimia 6 tu ya ile ambayo ingefika kama angekuwa anameza tembe za miligramu 50 mara tatu kwa siku. Tumbo na figo karibu hazina habari.

Kwa sababu hiyo hiyo, dawa hizi hazifai kwa nyonga. Kiungo cha nyonga kimezama chini ya nyama nyingi, na ukipaka juu yake utakuwa unapaka nyama. Kwa vidole vya mikono hufaa. Mtu mwenye maumivu ya viungo vingi kwa wakati mmoja, mathalan magoti, mgongo na mabega, naye huenda asinufaike sana, kwani hawezi kujipaka mwili mzima.

Je, zinafanya kazi kweli, au ni raha tu ya kusuguliwa? Ni swali zuri, na jibu lake lahitaji ukweli. Mwaka 2016 kundi la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti za tiba, lilichapisha mapitio ya tafiti za dawa hizi. Katika tafiti zilizodumu kati ya majuma 6 na 12, wagonjwa wapatao 6 katika kila 10 waliopaka diklofenaki au ketoprofeni walipata nafuu kubwa. Lakini waliopaka jeli tupu isiyo na dawa, takriban 5 katika kila 10 nao walipata nafuu. Kwa hivyo sehemu kubwa ya nafuu hutokana na kupaka, kusugua, matumaini, na tabia ya ugonjwa huu ya kuja na kuondoka, na dawa yenyewe huongeza kiasi juu ya hapo. Si muujiza. Mgonjwa anayetarajia kuamka akiwa na goti la kijana atavunjika moyo.

Hata hivyo, hata tembe hazileti muujiza. Utafiti mmoja uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008 ulifuatilia watu zaidi ya 500 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea waliokuwa na maumivu ya magoti. Baadhi walishauriwa kumeza ibuprofeni na wengine kuipaka. Baada ya mwaka mzima, hali ya magoti ya makundi hayo mawili ilikaribiana sana, na waliomeza ndio waliopata madhara madogo madogo zaidi. Ikiwa nafuu inakaribiana na hatari inatofautiana, mimi sioni sababu ya kuanza na tembe. Wataalamu wa Marekani waliandika hivyo katika mwongozo wao wa mwaka 2019, na wa Uingereza wakafanya vivyo hivyo mwaka 2022, kwamba kwa goti, dawa ya kupaka ndiyo itangulie. Mwongozo huo wa Uingereza ulikwenda mbali zaidi na kusema hata parasetamoli isitolewe kama kawaida kwa ugonjwa huu, kwa maana msaada wake ni mdogo sana.

KIASI CHA KUPAKA

Tufike sasa kwenye ile ncha ya kidole. Kwa jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, maelekezo ya Uingereza ni gramu 2 hadi 4 kila mara, mara 3 au 4 kwa siku. Marekani, ambako dawa hii iliruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari mwaka 2020, kipimo cha goti ni gramu 4, mara 4 kwa siku. (Ukiona pakiti imeandikwa 1.16 usibabaike. Ni nguvu ile ile, hesabu yake tu ndiyo tofauti. Ile ya 2.32 ina nguvu maradufu na hupakwa mara 2 tu, kwa hivyo fuata karatasi yake.)

Gramu 4 ni kiasi gani? Kamua jeli kwenye kijiko cha chai cha kawaida. Kijiko kilichojaa sawasawa hubeba kama gramu 5. Gramu 4 basi ni kijiko kilichopungua kidogo, na gramu 2 ni karibu nusu kijiko. Fanya hivyo mara moja tu ili jicho lako lizoee, kisha kijiko ukioshe vizuri kwa sabuni. Utashangaa. Wagonjwa wangu wengi huniambia kiasi hicho ni kingi mno, kana kwamba nimewaambia wapake siagi.

Jeli hiyo huisambazi juu ya pia ya goti peke yake. Ipake goti zima, mbele, kando zote mbili na nyuma, ukisugua taratibu hadi iingie. Subiri dakika 10 kabla ya kuvaa suruali au soksi, na usilioshe goti kwa muda wa saa moja. Nawa mikono baada ya kupaka, isipokuwa kama ni vidole vyenyewe unavyovitibu, kwani ukijisugua macho utajuta. Usilifunge goti kwa karatasi ya plastiki wala bendeji ya kubana, na usiweke chupa ya maji ya moto juu yake, maana joto na kufunika huivuta dawa iingie mwilini kupita kiasi.

Halafu uwe na subira. Inaweza kuchukua hadi siku 7 kabla ya kuona tofauti yoyote. Ipake kila siku, si siku ile tu goti linapochachamaa. Ikiwa baada ya majuma 3 ya kuipaka kwa kipimo kamili huoni tofauti, iache, usiendelee kupoteza pesa zako, na umwone daktari.

Pesa ndizo kikwazo kikubwa. Tyubu ndogo ya gramu 20, ambayo ndiyo watu wengi hununua, humalizika kwa siku 3 tu ukipaka goti moja gramu 2 mara 3 kwa siku. Kwa kipimo cha Marekani haifiki siku mbili. Kwa mwezi mmoja, kipimo kile kidogo kinahitaji gramu 180, na ikiwa ni magoti mawili, mara mbili ya hizo. Ndiyo maana watu huipaka kwa ncha ya kidole, wakiibania ifike mwisho wa mwezi. Nawaelewa. Ushauri wangu ni huu: ulizia tyubu ya gramu 50 au 100, kwani aghalabu bei yake kwa kila gramu ni nafuu. Linganisha jina la dawa, si jina la kampuni, kwani jeli ya diklofenaki ya kampuni isiyo maarufu, ikiwa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, haina sababu ya kuwa duni. Na kama pesa haziruhusu kuipaka mwaka mzima, ni afadhali kuipaka ipasavyo kwa majuma mawili au matatu wakati goti limechachamaa, kuliko kuigusagusa miezi 6 bila faida.

BALMU SI KITU KIMOJA

Usichanganye dawa hizi na balmu tunazozijua tangu utotoni, zenye mentholi, kafuri au mafuta ya mkaratusi. Hizo huipoza au huipasha ngozi joto, na hisia hiyo huupotezea ubongo habari za uchungu kwa muda. Sizibezi, zina raha yake, lakini hazipunguzi uvimbe ulio ndani ya goti. Baadhi yake zina methili salisileti, ambayo ni jamaa ya aspirini. Mtu anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asizipake kwa wingi, kwani anaweza kuvuja damu. Kuna pia krimu ya kapsaisini, inayotokana na pilipili. Hii huzichosha neva za uchungu ikipakwa kila siku, na siku za mwanzo huwasha kwelikweli.

Dawa za kupaka za kundi la diklofenaki nazo zina miiko yake. Usizipake kwenye kidonda, mchubuko au ngozi yenye upele. Baadhi ya watu huwashwa au kutoka vipele palipopakwa, na wakiacha hupona. Ketoprofeni ina tabia ya kuifanya ngozi iungue kwa jua, kwa hivyo mguu uliopakwa ufunikwe kwa nguo wakati wote wa matibabu na majuma mawili baada ya kuacha. Katika nchi yenye jua kama yetu, mimi hupendelea diklofenaki. Mtu ambaye aspirini au ibuprofeni iliwahi kumletea pumu au kumvimbisha uso asiguse dawa hizi hata kwa kupaka. Mama mjamzito asizitumie bila ushauri wa daktari, hasa miezi mitatu ya mwisho. Aliye na ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza. Na ukiwa unapaka diklofenaki, usiimeze pia. Hapo utakuwa umeirudisha hatari ile ile uliyotaka kuikwepa.

Jeli humpa mgonjwa nafasi ya kutembea, na ni vizuri aitumie nafasi hiyo. Misuli ya paja yenye nguvu huupunguzia mzigo mfupa. Keti kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele hadi unyooke kabisa, uushikilie hapo kwa sekunde 5, kisha uushushe polepole. Rudia mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Unaweza kufanya hivyo ukitazama habari za saa moja. Kuhusu uzito, utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 uligundua kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 katika kila hatua. Mtu aliyepunguza kilo 5 ameondoa gunia dogo gotini.

Mwisho, yako magoti ambayo hayahitaji jeli bali daktari, na haraka. Goti lililovimba ghafla, likawa jekundu na la moto, na mgonjwa ana homa, huenda limeingiwa na usaha, na linaweza kuharibika kwa siku chache. Goti lililovimba baada ya kuanguka na haliwezi kubeba uzito huenda limevunjika. Uchungu unaomwamsha mtu kila usiku huku akikonda bila sababu wahitaji uchunguzi. Na uvimbe ukiwa kwenye shavu la mguu mmoja, chini ya goti, pakiuma pakiguswa, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mgonjwa wa namna hii asisuguliwe mguu kwa dawa yoyote. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.